Pumzi za Mumeo Si Pumzi Zako

Haya mpenzi msomaji, mwezi huu naomba tuache kidogo habari za vitambi na chakula cha usiku. Nimepata ujumbe wa simu ambao nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nikaamua siujibu nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nauweka hapa kama ulivyo, jina nimeliacha.

"Dada shikamoo. Mimi naishi Lushoto, nina mume na mtoto mmoja. Tumejiandikisha mimi na mume wangu Kilimanjaro Marathon, zile kilometa 21. Mwanzo nilifurahi sana, maana tangu tupate mtoto tulikuwa hatuna muda wa kuwa wawili. Sasa kila asubuhi ananiacha kwenye kona ya kwanza, namkuta juu ananisubiri amekunja mikono. Nikitembea kidogo anasema nadeka. Wiki mbili hizi naumwa mguu hapa mbele chini ya goti, yeye anasema maumivu ndiyo mazoezi. Nikiacha ataniona mvivu, nikiendelea naogopa. Dada, tatizo ni miguu yangu au ni ndoa yangu?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa kweli swali lako lilinifanya nipande basi.

Wasiofika Lushoto niwaambie kidogo. Ukishuka Mombo, joto linakupokea kama mlango wa tanuri. Halafu unaanza kupanda zile kona, kilometa zaidi ya 30, unapita Soni penye maporomoko ya maji na akina mama wenye ndoo za matunda, na ukifika mjini uko kwenye mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani hawakupaita Wilhelmstal na kujenga huko kwa bahati mbaya, walikuwa wanakimbia joto. Hewa nzuri, barabara haina fujo, milima kila upande. Ukiniuliza ni wapi Tanzania mtu angependa kujifunzia mbio ndefu, Lushoto siwezi kuiacha. Ila mlima hauna adabu kwa mtu mwenye papara.

Basi saa kumi na mbili asubuhi tukatoka watatu kuelekea Irente. Shemeji, ambaye niseme ukweli ni mkarimu na mcheshi, alipiga hatua kumi za kwanza vizuri halafu akaondoka kama anawahi basi. Mkewe akamfuata. Mimi nikabaki nyuma makusudi, niangalie.

Nilichokiona ni hiki. Dada anarusha mguu mbali mbele yake, kisigino kinatua kwanza, goti likiwa limenyooka kabisa. Kila hatua ni breki. Kilima kilipoanza akainama kiunoni kama anatafuta shilingi iliyodondoka, ngumi zimekazwa, mabega yamepanda hadi masikioni. Na shemeji je? Tulimkuta juu anahema kama mfua chuma. Nikamwambia, shemeji, hebu tuimbe mchakamchaka mmoja wa shule. Akacheka. Akajaribu. Mstari wa kwanza ulikatikia katikati.

Hapo ndipo penye jibu lenyewe, mpenzi msomaji, wala halihitaji saa ya kisasa ya mkononi.

Sisi wote tuliosoma shule za msingi hapa nchini tumekimbia mchakamchaka, na waliopitia JKT ndio usiseme. Mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, nyayo zinagonga pamoja. Tulidhani ule wimbo ni wa kutuamsha tu. Kumbe wimbo ndio kipimo. Ukiweza kuimba au kuzungumza sentensi nzima huku unakimbia, moyo wako uko kwenye kasi inayojenga. Ukibaki na neno moja moja, umeshavuka mpaka. Wenzetu watafiti wamelihesabu hilo kwa miaka mingi. Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya kazi Norway, alichunguza ratiba za wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu, makasia na kuteleza kwenye theluji, akakuta kwamba katika kila mazoezi kumi, kama manane ni ya taratibu. Hao ni mabingwa! Sisi akina mama Fulani tunaotoka saa kumi na mbili na kurudi kuandaa uji, tunataka kila siku iwe fainali.

Kwa nini taratibu? Kwa sababu mwendo ule mpole ndio unaoongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli, unaufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na unauzoesha mwili kutumia mafuta yake polepole. Lakini kuna sababu nyingine ambayo watu hawaisemi. Pumzi hujengeka haraka kuliko mifupa. Baada ya wiki tano unajisikia mwepesi, kifua hakibani tena, unataka kuruka. Mfupa na mishipa minene inayoshika misuli bado iko nyuma, inahitaji miezi. Wengi wanaumia hapo, wakati wanajiona wameshakuwa fiti.

Na sasa sikiliza hesabu ya mume na mke. Ile kasi ambayo ni mchakamchaka kwa shemeji, kwa mkewe ni mashindano. Shemeji alicheza mpira miaka mingi, ana miguu mirefu, hajabeba mimba wala hajanyonyesha. Akikimbia kwa starehe zake, mkewe yuko kwenye fainali. Kwa hiyo kwa wiki sita huyu dada amekimbia fainali mara tano kwa wiki, mlimani. Mguu usipouma kwa hali hiyo, utauma lini? Na ajabu ni kwamba hata shemeji mwenyewe hakuwa kwenye mchakamchaka, maana wimbo ulimshinda. Alikuwa anamkimbia mkewe, na mkewe anamkimbiza yeye. Wote wawili wanachoka, hakuna anayejengeka.

Msije mkasema mimi naogopa kasi. Mwaka 1990 Juma Ikangaa, mwanajeshi wetu aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, aliingia Boston akiwa ameshashika nafasi ya pili miaka miwili mfululizo. Boston inaanzia Hopkinton, barabara inateremka mwanzoni, na teremko linamdanganya mtu. Ikangaa akaondoka kwa kasi kubwa. Gelindo Bordin wa Italia akawa na subira, akampita baadaye, na Ikangaa akawa wa pili kwa mara ya tatu. Sasa linganisha na Alphonce Simbu kule Tokyo, Septemba 2025. Joto na unyevu mwingi, na yeye akakaa ndani ya kundi kimya kimya, kilometa baada ya kilometa, hadi uwanjani. Akamshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, wote wakiandikiwa saa 2:09:48. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Simdharau Ikangaa hata kidogo, mtu anayekimbia mbele dhidi ya dunia nzima ana moyo wa pekee. Ila ningekuwa mdogo wako, ningemuiga Simbu.

Turudi kwenye mkao, maana uliniuliza miguu.

Tukiwa bado pale kilimani walipita akina mama wawili wanashuka na mizigo ya kuni kichwani. Nikamwambia yule dada, acha kuniangalia mimi, waangalie hao. Shingo ndefu. Macho mbele, si kwenye vidole. Kichwa hakipandi wala kushuka, maana kikicheza mzigo unaanguka. Hatua fupi, za haraka, mguu unatua chini ya mwili, si mbele yake. Magoti yamelegea kidogo. Kiuno hakivunjiki. Mwaka 1986 wanasayansi walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu kule Kenya, wakakuta kwamba wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada kuliko wanapotembea mikono mitupu. Wazungu walishangaa. Bibi yangu asingeshangaa, angeuliza tu kuni zenyewe zilipelekwa wapi. Sikwambii ukimbie na kuni, jamani. Nakwambia kukimbia vizuri si jambo la kigeni unalopaswa kulitafuta kwenye video, linapita mbele ya nyumba yako kila asubuhi likielekea sokoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Kimbia kwenye tambarare, halafu hesabu mguu wa kulia unagonga chini mara ngapi kwa dakika moja, zidisha kwa mbili. Yeye alipata 78, yaani hatua 156. Utasikia watu mjini wanasema lazima ufike 180, usiwasikilize, kila mtu ana urefu wake na kasi yake. Ongeza asilimia 5 tu. Kwake ni hatua kama 164, mguu wa kulia mara 82. Kasi usiiongeze, fupisha hatua. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha kuwa kuongeza idadi ya hatua kwa asilimia 5 mpaka 10 kunapunguza mzigo kwenye goti na nyonga. Hilo tu. Usianze leo kulazimisha kukimbilia vidole, utahamisha maumivu kutoka kwenye goti kwenda kwenye msuli wa nyuma ya mguu, na huo nao una kiburi chake.

Mlima unapanda? Inama kidogo kuanzia kwenye kifundo cha mguu, si kiunoni. Hatua zipungue urefu, mikono ifanye kazi, viganja vilegee kama umeshika yai. Wimbo ukikukatikia, tembea. Ndiyo, nimesema tembea. Kutembea kilimani ni mbinu, na hata wanaokimbia mbio za milimani za masaa mengi wanatembea.

Kushuka ndiko wengi wanakodharau. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi huku inavutwa, na huo ndio mkazo unaoacha maumivu makali siku ya pili yake, ile siku ya kushuka ngazi unashika ukuta. Habari njema ni kwamba mwili unajifunza upesi, teremko kidogo leo linakukinga kwa wiki kadhaa mbele. Mara moja kwa wiki, ukiwa huna maumivu, teremka dakika nane hadi kumi kwa hatua fupi, usirudi nyuma kwa mabega, usipige breki kwa kisigino. Hili ni muhimu kwenu kwa sababu pale Moshi mnapanda kuelekea Mweka, kisha mnateremka kurudi mjini. Wapandaji ni wengi. Wanaofika chini na mapaja mazima ni wachache.

Na Moshi ya mwisho wa Februari si Lushoto. Mtatoka kwenye ubaridi mwingie kwenye jua. Mwili unahitaji kama siku kumi hadi kumi na nne kuzoea joto, hivyo wiki mbili za mwisho baadhi ya mazoezi mepesi yahamieni saa tano asubuhi, na mkiweza mshuke Mombo mara mbili tatu. Polepole, na maji mkononi.

Sasa mguu wako, mdogo wangu, na hapa naacha utani.

Maumivu ya ugoko, yaani ule mfupa wa mbele wa mguu, yako ya aina mbili kubwa. Kuna yale yanayosambaa upande wa ndani, urefu wa kiganja au zaidi, yanaanza ukiondoka na kupungua ukipata joto. Hayo ni onyo, punguza mbio kwa nusu, kimbilia kwenye udongo, angalia kama raba zako zimekwisha. Na kuna yale ambayo ukibonyeza kwa kidole kimoja unapata sehemu moja inayochoma, yanauma ukirukaruka kwa mguu huo, na usiku yanakuamsha. Hayo yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Huo haukimbiliwi hata mita mia. Unakwenda hospitali, na ujue kuwa picha ya eksirei wiki za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo picha safi peke yake isikurudishe barabarani kama bado panauma.

Nilimbonyeza pale pale barabarani, tumekaa juu ya jiwe. Akaruka. Nikamuuliza unalala vizuri? Akanyamaza, halafu akasema usiku anauma. Shemeji alikuwa amesimama pembeni, na nikamuona uso unabadilika, maana hilo la usiku alikuwa hajaambiwa. "Kwa nini hukusema?" Akajibiwa, "Ungesema nadeka."

Nikamuuliza na jingine, tukiwa wawili tu. Siku zake. Hakuziona miezi miwili, na si mimba, alishapima. Alikuwa ameacha chakula cha usiku ili apungue kabla ya mbio. Dada zangu, naomba hili mlishike vizuri. Mwanamke anayekimbia sana na kula kidogo, mwili unaanza kubana matumizi, unazima hedhi kwanza, halafu unaacha kujenga mfupa. Kukosa siku zako si dalili ya kuwa fiti. Ni taa nyekundu. Na mtu aishiye Lushoto, penye viazi, maharage, maziwa na peasi, halafu makande yapo jikoni, kulala na njaa kwa hiari ni dhambi kubwa kuliko kukimbia polepole.

Alikwenda hospitali wiki ile ile. Daktari amemsimamisha kukimbia, anatembea tu, anakula, na atarudi kuangaliwa. Kilometa 21 za mwaka huu nimemshauri azitoe kichwani. Kama daktari ataruhusu, zipo zile kilometa 5. Kama hataruhusu, atashika maji pembeni ya barabara. Alilia kidogo kwenye simu, na sikumkataza.

Siku atakaporuhusiwa nimewaachia mpango mmoja, na wewe msomaji unayekimbia na mwenzako unaweza kuuchukua. Acheni kuhesabu kilometa, hesabuni dakika. Tokeni pamoja mlangoni. Kila mtu akimbie mchakamchaka wake, anayekwenda mbele aende. Dakika ya 20 ikifika, kila mmoja popote alipo anageuka. Shemeji atakuwa ametangulia mbali, mkewe yuko nyuma, lakini wakirudi kila mtu kwa mwendo wake ule ule, watafika nyumbani karibu pamoja. Hakuna wa kusubiriwa amekunja mikono. Fanyeni hivyo siku tatu kwa wiki, moja kati ya hizo muirefushe kwa dakika 10 kila baada ya muda, na kila wiki ya nne mpunguze. Siku moja tu iwe ya kazi: kilima cha dakika moja, panda mara sita kwa nguvu lakini kwa mkao mzuri, shuka ukitembea. Hapo hata mkitofautiana kasi mko kilima kimoja, mnapishana, mnataniana. Siku nyingine pumzikeni. Na jamani, kwa usalama msiachane ndani ya msitu wa Magamba kwenda kuangalia mbega. Mipango ya dakika ni ya barabarani penye watu.

Sasa ndoa. Uliniuliza kama tatizo ni miguu au ndoa. Mimi niliyewaona nasema shemeji hakuwa mkatili, alikuwa hajui. Alifundishwa mpira na watu waliomfokea, akadhani kufokea ndiyo kupenda maendeleo ya mtu. Lakini wewe nawe ulificha maumivu ya usiku kumi na nne ili usiitwe mdekaji, na hilo ni zungumzo lenu wawili, tena mlifanye mkiwa mmekaa, sio mnahema kilimani.

Juzi wakati namalizia kuandika hapa simu ikaita ujumbe, nikadhani ni yeye. Kumbe ni shemeji.

"Dada shikamoo. Asante kwa kuja. Naomba kuuliza, goti langu la kushoto linauma nikishuka, tangu mwezi wa tisa. Tafadhali usimwambie mke wangu."

Marahaba shemeji. Fupisha hatua, nenda hospitali, na samahani sana, gazeti limeshakwenda mtamboni.